Wapagazi Kumi na Saba, Salamu Kumi na Sita

Belo la makoti lina harufu yake, na harufu hiyo hutoka mara moja tu, pale mikanda inapokatwa. Ukiwa umegeuka kumjibu mteja, imekupita. Ni harufu ya kabati la mtu usiyemjua: dawa ya kufukuza nondo, sabuni ya ugenini, na ubaridi fulani ambao nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba umefungwa humo makusudi, ukavushwa bahari, ukaletwa Dodoma ambako hakuna aliyeuagiza. Mama yangu aliuza mitumba soko la Majengo. Belo hununuliwa likiwa limefungwa, huoni kilichomo, na mama alikuwa na bahati ya ajabu: wenzake wakifungua wanakuta magauni, yeye anakuta makoti. Makoti ya theluji, mazito kama magodoro, yenye kofia za manyoya. Kwenye jua la Oktoba, lile linalokaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga, aliyatundika yote kwenye kamba kisha akaketi chini yake. "Angalau yana kivuli," alisema.

Ndiye aliyenifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili. Mfuko wa koti hupekuliwa kwa vidole kwanza, halafu hugeuzwa nje, maana kidole nacho kina uvivu wake. Tulikuta leso, tiketi za treni, na siku moja jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Mama alilifukia nyuma ya kibanda kwa heshima zote, akisema lina mwenyewe. Baada ya kupekua alishona nyuzi tatu nyekundu ndani ya kola ya kila koti, ili jirani asije akadai ni lake. Hakuna jirani aliyewahi kudai. Jirani gani angetaka?

Hatukuzaliwa sokoni. Kabla ya hapo tulikuwa Mlali, tunalima, na baba yangu alikuwapo. Aliondoka nikiwa na miaka sita, mwaka ambao uwele ulifika magotini ukaona umetosha. Alisema anakwenda Mirerani kutafuta mawe ya thamani na kwamba mvua zikianza atarudi. Asubuhi ile nilimkuta uani, ameinama, anafunga begi lake kwa mpira wa baiskeli. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa. "Shikamoo baba." Akaendelea kukaza mpira. Nikadhani hakusikia, kulikuwa na upepo. Nikarudia: "Shikamoo baba." Akaunyanyua mzigo, akanipita, akashika njia ya barabarani. Mvua zilianza. Zilianza tena mwaka uliofuata. Mama akauza mbuzi waliobaki, tukahamia mjini, na mimi nikakua na zile salamu mbili zilizobaki hewani. Watoto wengine huachiwa shamba.

Miaka ilipita mingi ndipo dereva mmoja wa lori la vitunguu akasimama kwenye kibanda chetu, akasitasita, kisha akasema amemwona baba. Yuko Marangu, anabeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro. Huko wanamwita Mgogo tu.

"Ana afya?" mama aliuliza.

"Ana misuli, mama."

"Haya." Akaendelea kukunja sweta. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, sikuiona, kwa hiyo ilibidi nikasirike kwa niaba ya watu wawili.

Nilipofika kidato cha pili, Mwalimu Chilewa wa jiografia alitangaza safari. Tangu kidato cha kwanza alikuwa akituchorea volkano ubaoni, mdomo wake, koo lake, na kofia nyeupe aliyoipaka kwa chaki hadi chaki ikaisha, na sasa alikuwa amepata mfadhili wa kuwapeleka wanafunzi kumi na mmoja wakaione yenyewe likizo ya Juni, kiangazi, njia ikiwa kavu. Masharti yalikuwa alama. Nilikuwa wa tano kwa jiografia; baada ya wiki tatu nikawa wa kwanza. Mwalimu aliwaambia wenzake kwamba nina wito wa kisayansi. Sikumsahihisha.

Niliupanga ule mpango kama mtu anayepanga meza ya biashara. Kumtukana? Matusi huisha siku hiyo hiyo, na wapagazi wangenicheka. Kulia? Hiyo ingekuwa zawadi kwake. Nikachagua kitu chepesi kubeba. Kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa haulizwi ana nini. Watu huuliza, huyu ni mtoto wa nani? Nilitaka swali hilo liulizwe mlimani, mbele ya wenzake wa kazi. Lakini nilitaka pia ijulikane kwamba nimefundishwa, na aliyenifundisha ni mama. Basi ningewaamkia wote, mmoja mmoja, kwa adabu iliyokamilika, nikamruka mmoja.

Mama hakuniuliza kama nakumbuka maneno ya dereva wa vitunguu. Alinichagulia koti zito kuliko yote, la bluu, la mwanamume mnene, lililonifika chini ya magoti. Halafu akatoa chupa yetu ya chai, ile nyekundu yenye maua ubavuni. "Niletee hiyo theluji," alisema. "Miaka yote hii nauza makoti yake, sijawahi kuiona." Msicheke. Nyumbani kwetu hakuna aliyefikiri kwamba ingeyeyuka. Chupa iliyoweza kulinda chai ya moto tangu alfajiri hadi adhuhuri ingeshindwaje kulinda baridi? Mwalimu Chilewa mwenyewe, mwenye shahada, aliigeuzageuza, akajaribu kifuniko, akasema, "Hii iko imara."

Lango la Marangu lina mizani. Kila mzigo hupimwa kabla mpagazi hajaubeba, na pembeni yake wagumu, ndivyo wapagazi wale wanavyojiita, walikuwa wamejipanga wanangoja. Nikawahesabu. Kumi na saba. Nikahesabu tena. Kumi na saba, na wa kumi na moja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu mwingine ameuegemeza gotini, kama wachungaji wetu wanavyosimama mchana kutwa. Mtu wa Marangu hasimami hivyo. Sikuhitaji kuangalia uso.

"Wagogo, karibuni!" Kiongozi wetu wa msafara, Estomihi, mzee mfupi mwenye koti la mvua, alikuwa tayari ameanza utani. "Mmefuata maji? Yako kule juu, ila yameganda. Mngekuja na mashoka."

"Tutayabeba hivyo hivyo, mzee," Mwalimu Chilewa alimjibu. "Sisi hatuchagui maji."

Wakacheka wote. Mwalimu akatugeukia: hawa ndio baba zenu na kaka zenu kwa siku hizi, waamkieni. Wenzangu wakapaza kwa pamoja, "Shikamooni!" Mimi nilifunga mdomo, nikangoja wamalize, nikaanzia mwanzo wa mstari. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba, mama. Kijana mmoja, Firmini, ambaye hakuwa amenizidi sana umri, aliitikia kwa sauti nzito ya babu: "Marahaba, mjukuu wangu! Hujambo?" Nikamaliza wa kumi. Nikapiga hatua moja ndefu. Nikamwamkia wa kumi na mbili.

Rafiki yangu Zaituni, msichana wa Kondoa asiyepitwa na jambo, alinivuta mkono. "Umemruka mmoja."

"Sikumwona."

"Wewe? Wewe unayehesabu maharage kwenye sahani?"

Baba hakuwa amenijua bado. Mtoto wa miaka sita na binti wa miaka kumi na minne hawafanani sana. Alinijua kwa koti. Mizigo ilipogawanywa, begi langu liliangukia kwake, na juu yake nilikuwa nimelifunga lile koti la bluu, kola imepinduka. Niliona kidole gumba chake kikisimama juu ya nyuzi tatu nyekundu. Mama alishona hivyo tangu Mlali, kwenye magunia ya uwele, ili yasichanganyike kwenye mashine ya kusaga. Akainua macho. Mimi nikawa naangalia miti.

Siku ya kwanza ni msitu. Sitasema ulikuwa mzuri, maana nilikuwa na hasira nao pia. Ukungu uliganda kwenye ndevu za kijani zilizoning'inia matawini, ukadondoka bila mvua yoyote, tone baada ya tone, kutwa, maji yanamwagika msituni hakuna hata ndoo ya kuyakinga. Nilifikiria uwele uliofika magotini. Nikafikiria kwamba mtu anaweza kuondoka mahali pale, akaja hapa, akaona haya, akaamua kutorudi. Nilimwelewa kwa muda wa kama hatua thelathini. Halafu nikaacha.

Asubuhi ya Mandara, kambi ya kwanza, niliwaamkia kumi na sita. Asubuhi ya Horombo, kambi ya pili, ambako miti imekwisha na mawingu yako chini yako kama pamba iliyoanikwa, kumi na sita. Wagumu hawakuwa wajinga. Siku ya pili walishajua, na wakaanza kumtania.

"Mgogo, ulimwibia karanga huyu binti?"

"Labda hanioni," alisema. "Mimi mwembamba."

"Anatuona sote mpaka mpishi. Kuna kitu umekula cha watu, wewe. Rudisha."

Akacheka pamoja nao. Hilo lilinichoma, kwamba anaweza kucheka. Lakini niliona mambo mengine. Mabegi ya wenzangu yalitupwa chini tunapopumzika. Langu liliwekwa juu ya jiwe. Asubuhi kulikuwa na beseni la maji ya moto mbele ya mlango wetu, limeelekezwa upande wangu. Nikanawa kwa maji ya baridi ya bombani mpaka meno yakagongana. Jioni kwenye sahani yangu palikuwa na kipande cha nyama kilichozidi. Nikampa Zaituni. Mimi ni mtoto wa sokoni. Nilijua mtu anayeanza na bei ndogo anapima uso wako. Uso wangu niliufunga.

Tulivuka uwanda mpana wa mawe na vumbi usio na hata jani, upepo unapiga kutoka pande zote, na mbele yetu Kibo yenyewe, nyeupe juu, imekaa. Siku tatu nilikuwa naiona na kila siku ilikuwa mbali vilevile, kisha ghafla ikawa karibu kama paa la jirani. Na hapa niseme jambo ambalo Mwalimu hakutuchorea ubaoni: kambi ya mwisho, chini kabisa ya ile theluji, haina maji. Hayapo. Wagumu huyachota chini na kuyapandisha kwa madumu kichwani kwa saa nyingi. Mtu wa Dodoma anatembea siku tatu kuufuata mlima wenye barafu, anafika, anakuta watu wamebeba maji kichwani. Nilijisikia nyumbani. Aliyekuwa na dumu kubwa kuliko wote alikuwa yeye.

Wengi hupanda kilele usiku. Mwalimu Chilewa alikataa kuwapandisha watoto wa watu gizani, tukaanza kulipopambazuka. Ule si mlima tena, ni rundo la kokoto lililosimama. Unapanda hatua mbili, kokoto zinakurudisha moja. Nilihesabu: kumi, pumzika, kumi, pumzika. Baadaye saba. Baadaye nikawa nahesabu moja, naisahau, naanza tena. Kichwa kilikuwa kinapigwa kutoka ndani. Kwenye pango lililo katikati ya njia nilikaa, nikatapika uji wa asubuhi, na nilipoinua macho Estomihi alikuwa ananishika ukope, anatazama jicho langu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu anashuka," alisema.

"Nitamshusha mimi."

Hiyo ilikuwa sauti yake. Alikuwa amesema na wenzake siku zote hizo, lakini hii ilisemwa juu ya kichwa changu, karibu, na ilikuwa ileile ya Mlali. Niliitambua kabla sijageuka.

"Nashuka na Firmini," nilimwambia Estomihi.

"Firmini anapanda. Ndiye mwenye viatu. Huyu mwenzake viatu vimekufa, humwoni?"

Nikatazama. Soli ya kulia ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mafundo yaleyale.

"Basi sishuki," nikasema.

"Binti, hapa siyo sokoni."

"Sokoni ningekuwa nimeshaondoka, mzee. Ndiyo maana nimekaa."

Estomihi alitema mate pembeni, akasema Wagogo watamuua, akamwashiria Firmini anishushe. Firmini akavua glavu zake, akampa baba. Naye akafungua begi langu, akatoa chupa nyekundu yenye maua bila kuniomba ruhusa, akapanda.

Nilimtuma juu na viatu vile. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa mgonjwa kiasi cha kutojua nilichofanya.

Nilikaa mlangoni kambini, ndani ya koti la bluu, nikinusa harufu ya belo kwenye kola, nikitazama vidoti vyeusi kwenye kokoto. Vilipanda, vikapotea, vikarudi. Jua lilikuwa limevuka utosi walipofika chini, wenzangu midomo imepasuka, wanacheka na kulia kwa wakati mmoja, Zaituni ananionyesha kwa mikono jinsi theluji inavyong'aa. Baba alikuja wa mwisho, anachechemea. Alikuwa amevaa fulana tu. Sweta alikuwa ameivua akaivingirishia chupa.

Akaifungua ile sweta, akaiweka chupa juu ya jiwe, miguuni pangu. "Ya mama yako," alisema. "Imejaa."

Wote walikuwa wanatazama. Nikafungua kifuniko. Ilikuwa imeshindiliwa mpaka mdomoni, na juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba. Ilikuwa nzuri. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa na weupe wenye bluu kidogo ndani yake, kama macho ya mtoto mchanga, na ilitoa sauti ndogo, inapasuka pasuka. Ilikuwa theluji ya mama yangu, aliyeiuzia makoti bila kuiona.

Nikaipindua chupa. Haikutoka. Nikaigonga kitako kwa kiganja, kama unavyogonga kopo la sukari linaloishia, ikateleza yote kwa pamoja, ikaanguka kwenye vumbi, ikavunjika.

"Perisi!" Zaituni alipiga ukelele. "Maji!"

Hakusema theluji. Alisema maji, na wenzangu wote kumi wakasimama, maana sote tulitoka mahali ambapo mtu akijikwaa na ndoo, mtaa mzima hunyamaza. Mwalimu Chilewa alivua kofia. Wagumu waliotoka kupandisha madumu waliangalia chini. Vumbi lile jeusi lililinywa bonge moja, likanywa la pili.

Baba alichuchumaa. Aliangalia mpaka likaisha la mwisho. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejibu mlangoni:

"Marahaba."

Akarudia:

"Marahaba."

"Mgogo," Estomihi akauliza, "nani kakuamkia?"

"Huyu. Mara mbili. Zamani kidogo."

Firmini aligeuka akajifanya anafunga kamba. Mimi nilibaki na chupa mkononi, nimeshinda, maana swali nililolitaka, huyu ni mtoto wa nani, lilikuwa limejibiwa mbele ya watu wote. Ila kwa miaka minane nilikuwa nimeacha mlango mmoja wazi katika hasira yangu: labda hakusikia, labda ni upepo. Sasa nilijua alisikia. Alizisikia zote mbili, alizihesabu, akazibeba mpaka Kilimanjaro. Aliufunga ule mlango mwenyewe, kwa mkono wake, na alidhani anaufungua.

"Sijakusalimu," nikamwambia.

"Najua," alisema, akaenda kuchukua mzigo wake.

Tuliposhuka langoni niliwaaga kumi na sita.

Mama alinipokea kituoni Dodoma. Kitu cha kwanza alichochukua ni chupa. Akaitikisa sikioni.

"Imeyeyuka," nilisema.

"Yote?"

"Yote."

Akafungua, akaipindua juu ya kiganja. Nadhani kulikuwa na unyevu uliobaki kwenye kuta zake, kwa sababu baada ya muda lilitoka tone moja. Akalilamba. "Ina ladha ya chai," alisema. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani ndipo akauliza, akiangalia mbele: "Umemwona?"

"Nani?"

"Haya."

Hakuniuliza tena maisha yake yote, na yamekwisha sasa.

Leo mimi ndiye mwenye kibanda. Makoti yananunuliwa, mama angeshangaa. Mji umejaa ofisi, ofisi zimejaa viyoyozi, na dada wa watu anakuja kwangu jua likiwa utosini ananiomba kitu kizito cha kuvaa kazini. Baridi imefika Dodoma bila theluji, na theluji huko ilikokuwa inapungua. Wateja hunionyesha kwenye simu zao picha za kilele, mabaka mawili matatu kama chokaa inayobanduka. Safari iliyotuzungusha hadi Chalinze sasa unakatisha Kondoa kwa lami, ukiondoka asubuhi unafika Moshi jua bado lipo. Kila kitu kimekuwa karibu.

Baba pia. Alikuja kwangu Msalato mwaka uliofuata baada ya kumzika mama, magoti yamekwisha. Nilifungua geti nikamkuta amesimama na begi moja. Akasema, "Marahaba." Nikamwonyesha chumba cha uani. Uji wake ninaupika mimi, dawa zake nazifuata mimi, mashuka yake nafua mimi, na nina hakika hakuna mzee mtaani kwetu anayetunzwa kumzidi. Sijamwamkia hata siku moja. Kila asubuhi akisikia mlango wangu husema "Marahaba" kutokea ndani, na mimi hupita kwenda sokoni. Majirani wanadhani umri umemchanganya.

Mwezi huu binti yangu Yunisi, ambaye yuko darasa la pili na amerithi ubaya wa kuhesabu, aliniuliza tukiwa uani, kwa sauti ya kutosha: "Mama, mbona wewe humwamkii babu? Mimi namwamkia, dada wa maziwa anamwamkia. Wewe tu." Nikamwambia avae viatu.

Kesho yake nilipotoka, baba alikuwa amesimama nje ya chumba chake. Amesimama kwa mguu mmoja, mkono umeshika ukuta, kwa sababu goti lile lingine halikunjiki tena. Nilikuwa nimeinama nafunga mkoba wangu.

"Shikamoo," alisema.

Yunisi akacheka. "Babu, umekosea! Wewe ndiye mkubwa!"

"Sijakosea," alisema. Na akarudia, "Shikamoo."

Mtu wa sokoni anaijua bei ya mwisho akiisikia. Haina sauti ya kupanda wala kushuka. Nilikuwa na la kumjibu, lilikuwa limenijaa mdomoni, na nikagundua kwamba nikilifungulia sitaweza kuondoka. Nitakaa pale chini uani, na sokoni nisiende siku hiyo wala nyingine. Basi hivyo ndivyo ilivyo, nikawaza, hivyo ndivyo alivyokuwa, ameinama kwenye ule mpira wa baiskeli. Nikakaza zipu. Nikampita. Nikafanya kilekile, hatua kwa hatua, na sikukosea hata moja.

Sokoni lilikuwa limeshuka belo jipya. Nikakata mikanda, nikaingiza kichwa chote ndani, kwenye ile harufu, na humo ndani ya makoti ya watu nikasema, "Marahaba." Nikarudia: "Marahaba."

"Unaongea na nani, dada?" jirani yangu wa viatu akauliza.

"Nahesabu."

Tangu siku hiyo baba hasemi kitu. Mlango wangu unalia vilevile, najua anausikia, maana kikohozi chake hukatika. Nasimama uani na mkoba wangu, kidogo zaidi ya inavyohitajika. Leo ni asubuhi ya tisa. Nimehesabu mara mbili.